Shangazi Anajibu: Meya, theluji na kiti cha jikoni

Shikamoo shangazi. Toleo lililopita uligusia kwamba Lori Lightfoot, aliyekuwa meya wa Chicago, alipotetea kiti chake mwaka 2023 hata duru ya pili hakuiona. Mimi nilisoma kwamba mwaka 2019 alishinda kata zote 50. Mtu anaporomokaje hivyo ndani ya miaka 4? Aliiba?
*Mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mwaka wa pili*

Marahaba mwanangu. Hakuiba. Na ukinivumilia kidogo nitakuonyesha kwamba hata huko kuporomoka hakukuwa kwa namna unayodhani.

Chukua kalamu tuhesabu. Chicago hawamalizi uchaguzi wa meya kwa siku moja. Jumanne ya mwisho ya Februari wagombea wote wanaingia pamoja, majina matupu, hakuna chama kwenye karatasi. Akipatikana wa kuvuka nusu ya kura, kazi imekwisha. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudiana Aprili. Mwaka 2019 kiti kilikuwa wazi, maana Rahm Emanuel alikwishatangaza Septemba 2018 kwamba hagombei muhula wa tatu. Kiti kikiwa wazi kila mtu anajiona kinamtosha: walijitokeza 14. Kura zikamwagika huku na kule, na Lightfoot, mwanasheria ambaye hakuwahi kushika hata udiwani, akaibuka wa kwanza kwa asilimia 17.5. Zile kata 50 ulizosoma ni za Aprili, alipobaki yeye na Toni Preckwinkle, akazoa karibu robo tatu ya kura. Ushindi wa kishindo, sikatai, ila wengi waliompa walikuwa wamemchagua mtu mwingine wiki 5 tu nyuma. Hao hawakuwa wake. Alikuwa ameazimwa.

Sasa njoo Februari 2023. Wagombea 9, yeye ndiye mwenye ofisi. Akapata asilimia 16.8.

Rudia kuzisoma hizo namba mbili. Miaka minne ya umeya, korona katikati, na fungu lake la duru ya kwanza limesogea kwa chini ya asilimia moja! Mara zote mbili kura zake zilikuwa chini kidogo ya laki moja. Tofauti ni kwamba mwaka 2019 fungu hilo lilitosha kuongoza, na mwaka 2023 mbele yake walikaa Paul Vallas na karibu asilimia 33, kisha Brandon Johnson na karibu 22. Wa tatu haendi Aprili.

Ila usiniwekee nukta hapo, kwa sababu waliompigia si watu walewale. Usiku ule wa matokeo nilikuwa zamu kwa bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, upande wa kusini wa mji, yeye amejifunga blanketi, mimi na kikombe changu cha chai. Televisheni ikaonyesha ramani ya kata, kila mgombea na rangi yake. Bibi akakunja uso akanyoosha kidole: "Huyu ramani yake wameipindua." Nilidhani usingizi unamchezea, kumbe alikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2019 Lightfoot aliongoza kaskazini, zile kata za kandokando ya ziwa, wasomi wengi, Wazungu wengi. Mwaka 2023 kata alizoongoza zilikuwa za kusini na magharibi, mitaa ya Wamarekani Weusi. Waliomleta walimkimbia, waliokuwa wamemtilia shaka ndio walibaki kumshika mkono. Ukitazama asilimia peke yake huwezi kuliona hilo.

Kwa nini walimkimbia? Kila mtu ana orodha yake, nami nitakupa yangu bila kukuapia. Mwaka 2021 mji ulihesabu mauaji karibu 800, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa robo karne. Mgomo wa walimu Oktoba 2019 ulifunga masomo kwa siku 11, miezi mitano tu baada ya kuapishwa. Na mwenyewe alikuwa mtu wa kugombana: na chama cha walimu, na chama cha polisi, na madiwani. Chama cha walimu na chama cha polisi havikubaliani hata juu ya rangi ya mbingu, lakini kwake vilikutana. Kura za waliochoshwa na uhalifu zikaelekea kwa Vallas. Kura za walimu na vijana wa kaskazini zikaelekea kwa Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu na mratibu wa chama hicho cha walimu. Kila upande ukapata mtu wake. Meya akabaki katikati, na katikati kwenye duru ya kwanza yenye watu 9 ni mahali pa kufia.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vyenu hulipitia juujuu. Mnafundishwa kwamba anayetetea kiti ana faida kwa sababu anajulikana. Kweli, anajulikana. Enzi za meya Richard M. Daley jina lake lilikuwa kwenye kila kibao cha manispaa, ukitua uwanja wa ndege linakukaribisha. Lakini jina likishajulikana na wote, hakuna tena wa kujulishwa. Mgombea mpya akipata asilimia 17 wanasema anapanda. Meya akipata 17 maana yake watu 83 kati ya 100 wamemwona akifanya kazi na wakasema hapana. Tena hao 100 ni wa waliokwenda vituoni tu. Februari 2023 walijitokeza pungufu ya wanne katika kila kumi walioandikishwa. Ukipiga hesabu, katika kila waandikishwa 100 aliungwa mkono na kama 6.

Linganisha na Emanuel mwaka 2015. Naye alitetea kiti, naye akashindwa kuvuka nusu Februari, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu utaratibu huu uanze. Alikuwa amefunga shule zinazokaribia 50 mwaka 2013 na watu hawakusahau. Lakini alikuwa na asilimia 45 mkononi, anaongoza, na wapinzani wenyewe 4. Wiki zile za katikati akatokea kwenye tangazo la televisheni amevaa sweta, tai hakuna, anakiri kwamba anawaudhi watu. Nililiona tangazo lile mara nyingi kuliko nilivyotaka. Aprili akamshinda Jesús García kwa karibu asilimia 56. Sweta ilisaidia, labda, lakini mtu mwenye 45 anahitaji kuongeza 5 tu. Mwenye 17 hata kabati la sweta lisingemtosha.

Dada, nasikia eti theluji iliwahi kumng'oa meya huko huko Chicago. Wanafunzi wangu wanacheka, wanasema mvua nayo ingekuwa inang'oa viongozi. Ni hadithi au ni kweli?
*Mwalimu wa uraia*

Ni kweli, mwalimu, na uwaambie waache kucheka mpaka nimalize.

Januari 1979 meya alikuwa Michael Bilandic. Alikirithi kiti baada ya mzee Richard J. Daley kufia madarakani Desemba 1976, akashinda uchaguzi mdogo mwaka 1977, na sasa alikuwa anaomba muhula kamili. Chama chake cha Democratic kilikuwa ndicho mji. Ukishinda mchujo wa chama, uchaguzi wenyewe ni sherehe. Mpinzani wake, Jane Byrne, alikuwa mkuu wa idara ya kuwalinda wateja ambaye Bilandic mwenyewe alimfukuza kazi. Hakuna aliyempa nafasi. Kisha tarehe 13 na 14 Januari ikaanguka theluji karibu nusu mita, juu ya theluji nyingine ambayo haikuwa imezolewa.

Theluji mtu asiyeikaa haielewi. Anadhani ni weupe wa kwenye kadi za Krismasi. Siku ya kwanza ndiyo, inapendeza. Siku ya nne imekuwa mawe ya kijivu, gari lako limezikwa, gari la taka halipiti, takataka zinapanda uchochoroni, na mzee wa ghorofa ya pili hawezi kutoka kununua dawa. Mtaani kwangu nilikuwa nawaona majirani wakichimba kwa koleo saa mbili nzima ili watoe gari moja. Ukishamaliza hutaki mwingine aje aegeshe kwenye shimo lako, kwa hiyo unaweka kiti. Kiti cha jikoni, kile chenye mguu mmoja mbovu, katikati ya barabara ya umma. Sheria haikupi haki hiyo hata chembe, lakini wewe jaribu kukitoa uone. Niliwahi kuona pasi ya kupigia pasi na meza yake vimewekwa, na mwaka mwingine kiti cha mtoto chenye mkanda. Nikimwona mtu amesimama barabarani, mikono kiunoni, anakitazama kiti cha mwenzake, nilikuwa najua kinachopita kichwani mwake: nani alipaswa kuizoa hii?

Hilo ndilo swali waliloulizana mwaka 1979, kwa wiki sita mfululizo. Bilandic akatangaza kwamba viwanja vya shule vimesafishwa watu wakaegeshe huko; watu wakaenda wakakuta theluji imejaa vilevile. Ningekuwa mshauri wake ningemwambia kosa la theluji linasameheka, hili la viwanja halisameheki.

Kisha zikaja treni. Mabogi yalikuwa yanaharibika, na ili kuwahisha safari treni zikaanza kupita baadhi ya vituo bila kusimama. Vituo vilivyorukwa vilikuwa vya kusini na magharibi, mitaa ya Weusi. Yule bibi yangu wa usiku wa ramani alikuwa muuguzi kijana wakati ule, na hilo alikuwa akilisimulia kwa sauti ileile kila lilipotajwa. Amesimama jukwaani saa kumi na moja alfajiri, viatu vyeupe vya kazini ndani ya mfuko wa plastiki, mabuti miguuni. Treni inakuja. Taa zinawaka ndani, watu wa mbali wamekaa, wanasoma magazeti. Haipunguzi hata mwendo. "Waliniangalia," alikuwa akiniambia, "na mimi nikawaangalia." Tarehe 27 Februari alipiga kura kabla hajaenda kazini, na hakumpigia Bilandic.

Wala hakuwa peke yake. Byrne alirekodi tangazo lake amesimama kwenye theluji hiyohiyo, akashinda mchujo kwa asilimia kama 51, kisha uchaguzi wenyewe kwa zaidi ya asilimia 80, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago. Kata za Weusi, zilizokuwa zikikipigia chama miaka nenda miaka rudi bila kuuliza, ndizo zilizomvusha.

Wanafunzi wakikuuliza kama ni theluji peke yake, waambie hapana: theluji ilimwangukia kila mtu, waliorukwa na treni ndio waliokuwa na hasira ya zamani ya kuwekwa nyuma. Ndiyo maana New York mwaka 1969 meya John Lindsay naye alilaaniwa kwa theluji ya Februari iliyokaa siku na siku mitaa ya Queens, akaangushwa hata kwenye mchujo wa chama chake cha Republican, lakini akasimama kwa tiketi ya chama kidogo cha Liberal na Novemba akashinda kwa kama asilimia 42, maana wapinzani wake wawili waligawana kura zilizobaki.

Na kugawana kura kulimrudia Byrne mwenyewe. Mwaka 1983 alipotetea kiti, mtoto wa mzee Daley, yule Richard M., naye akachukua fomu. Wawili hao wakararuana, na katikati yao akapita Harold Washington kwenye mchujo kwa asilimia 36, akashinda na uchaguzi wenyewe, akawa meya wa kwanza Mweusi wa mji huo. Kwa hiyo Lightfoot alipoanguka mwaka 2023 ilikuwa miaka 40 tangu meya aliyechaguliwa na wananchi abwagwe akitetea kiti. Sasa sikiliza kinachonifurahisha. Ushindi ule wa 36 uliwakosesha wengi usingizi, na mwaka 1995 bunge la jimbo la Illinois likapitisha sheria ya kuondoa vyama kwenye karatasi ya meya na kudai nusu ya kura, ikaanza kutumika 1999. Wanasiasa hutunga sheria wakiwa na mtu fulani kichwani, kisha sheria inaishi kuliko mtu huyo.

Shangazi, huko hakuna ukomo wa mihula? Daley mtoto alikaa miaka mingapi?
*Msomaji wa muda mrefu*

Chicago hakuna ukomo. Miaka 22, kuanzia 1989 hadi 2011, mmoja zaidi ya baba yake. Alichaguliwa mara 6, akaondoka kwa hiari, ingawa hiari hiyo ilikuja baada ya mwaka 2008 kuzikodisha mita za maegesho ya magari kwa kampuni binafsi kwa miaka 75. Sabini na tano! Bei ya kuegesha ikapanda papo hapo na kila aliyetia sarafu akamkumbuka.

New York wao wana mihula miwili, lakini mwaka 2008 meya Michael Bloomberg alilishawishi baraza la jiji, kura 29 kwa 22, liongeze wa tatu. Akatumia zaidi ya dola milioni 100 za mfukoni na bado mwaka 2009 akashinda kwa pengo lisilofika asilimia 5. Mwaka 2010 wananchi wakairudisha mihula miwili.

Wewe mwenyewe ulimpigia nani mwaka 2023? Sema ukweli, hatutamwambia mtu.
*Msomaji, amekataa kujitaja*

Sikumpigia mtu. Nilikuwa na kadi ya ukaazi, na kura ya meya kule ni ya raia. Usinionee huruma, nilishiriki kwa macho.

Unajua, kule anayetaka umeya lazima atafute wadhamini: saini 12,500 za wapiga kura wa mji. Kazi inaanza mwishoni mwa kiangazi. Kila mgombea anakusanya mara mbili au tatu ya zinazotakiwa, kwa sababu wapo mawakili ambao riziki yao ni kuweka pingamizi: hii saini ya marehemu, huyu si mkazi, huyu mwandiko wake na wa mkewe ni mmoja. Wagombea wengi hufia hapo hata kabla ya kampeni. Oktoba moja natoka kituo cha treni cha Howard, mwisho kabisa wa mstari upande wa kaskazini, kijana akanisogezea ubao wenye karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Mama, unataka meya mpya?" Nikamwambia mimi si raia. Akavuta ubao haraka kama niliyetaka kuutia moto, kisha akacheka, akaniambia saini moja mbovu kama yangu wapinzani wataishangilia wiki nzima. Nikaona kweli kazi yake anaijua. Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana. Hakuwahi kuniambia mgombea wake ni nani, na karatasi sikuisoma, miwani ilikuwa mfukoni.

Lakini kuna kura moja nilipiga. Kata yangu ilikuwa ya 49, mtaa wa Rogers Park, na tangu 2009 diwani wake Joe Moore alikuwa ameanzisha utaratibu wa kuwaachia wakazi waamue wenyewe fungu la kata la matengenezo, zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Ulikuwa wa kwanza nchini Marekani. Raia au si raia hawaulizi, onyesha tu unaishi pale. Kumbuka basi kwamba mwaka 2019, ule mwaka wa wagombea 14, Moore naye alikuwa anatetea kiti chake baada ya miaka 28, na aliyembwaga, Maria Hadden, alikuwa mtu wa shughuli hizohizo za bajeti ya wananchi. Mzee alifundisha watu kuhesabu, wakamhesabu.

Nilienda nimevaa koti la kazini, nikakuta meza ndefu, mabango yenye picha za miradi yamebandikwa ukutani: njia za miguu zilizopasuka, michoro ya kupamba kuta za chini ya reli, miti, taa za barabarani. Mtoto wa sekondari alinipa karatasi na kunieleza kila mradi na bei yake kana kwamba anauza yeye. Nilichagua taa, kwa sababu narudi usiku na kutoka kituoni hadi mlangoni kwangu palikuwa na vipande viwili vya giza ambavyo nilivijua kwa hatua: 40 na 65. Yeye alitaka miti, alijitahidi kuficha lakini nilimwona.

Zikashinda njia za miguu. Mwaka uliofuata nikarudi, nikachagua taa tena.